Ushahidi wa Bibi Eunike

Inasimuliwa na wazee, nao waliyapokea haya kwa wazee wao ambao ulimi wao haukujulikana kwa uongo, kwamba katika nchi ya kusini, karibu na mto Ruvuma, palikuwa na kijiji cha Wakristo kilichoitwa Bethania. Zamani zile misafara ya watumwa ilikuwa imekwisha koma, lakini majeraha yake yalikuwa bado mabichi. Wakazi wengi wa Bethania walikuwa watu waliokombolewa njiani, kila mmoja ametoka kwao, kila mmoja ana lugha yake ya kulilia. Walilima pamoja, wakasali pamoja, na mavuno yao wakayaweka katika ghala moja, ili asiwepo mwenye njaa karibu na mwenye shibe.

Miongoni mwao alikuwako mwanamke mcha Mungu aitwaye Eunike. Huko kwao, ng'ambo ya ziwa Nyasa, jina lake la utoto lilikuwa Nachisale. Alitekwa angali binti mdogo, pamoja na mama yake aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. Wakatiwa katika msafara wa kwenda pwani, na mama akatwikwa pembe ya ndovu juu ya kichwa chake. Siku moja mama yule alishindwa. Mkuu wa msafara akamwambia amwache mtoto ili aweze kuubeba mzigo. Mama akaketi chini, akakataa. Basi mkuu wa msafara akaamuru pembe apewe mwingine, na mama na mtoto wakaachwa pale pale njiani, nyikani, pasipo maji wala moto. Eunike alivutwa kwa kamba aendelee mbele. Hakuwaona tena.

Mwenyezi Mungu hakumsahau yatima yule. Alipokombolewa na kuletwa Bethania, alipokewa na mzee Lukasi na mkewe Marta, ambao hawakujaliwa mtoto. Wakamlea, wakamfundisha sala, wakasimama naye siku ya ubatizo wake. Mzee Lukasi ndiye aliyekuwa mlinzi wa ghala, mtu mpole, ambaye hata watoto walikuwa wakimtania asikasirike. Eunike akakua, akaolewa, akafiwa na mume, akarudi kukaa karibu na wazee wake. Watu walimheshimu kwa uaminifu wake. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakupata kulisema hata katika toba zake, nalo ni hili: hakuna usiku aliolala bila kuisikia sauti ya yule mkuu wa msafara. Watu walikuwa wakimwita Makokoto, kwa sababu sauti yake ilikwaruza kama mawe madogo chini ya kiatu. Kila alfajiri alikuwa akiwaamsha mateka kwa neno lile lile: "Haya, twende, mizigo kichwani!"

Ikawa mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, Eunike alikwenda mbali kukata nyasi za kuezekea. Alipofika kwenye kijito kilicho nyuma ya vilima, alimwona mzee mmoja mgeni ameketi juu ya jiwe, akiosha donda lililokuwa mguuni pake. Kando yake palikuwa na mzigo wa ukindu, maana aliishi kwa kusuka vikapu na kuviuza vijijini. Eunike alikuwa karibu kumwamkia. Mzee yule akainuka kwa taabu, akaushika mzigo wake, akajisemea peke yake, "Haya, twende, mizigo kichwani."

Nyasi zikamwanguka Eunike mikononi. Mundu ulikuwa mkononi mwake.

Hakumwita wala hakukimbia, bali alimfuata. Mzee alikwenda polepole, akichechemea, naye Eunike akawa nyuma yake akijificha katika vichaka. Alasiri mzee alifika chini ya jabali kubwa, akautandaza ukindu wake ukauke, akajilaza kivulini, usingizi ukamchukua. Eunike akatoka kichakani akasimama juu yake. Akaitazama shingo yake, imekonda, na mishipa yake inapiga. Akauinua mundu.

Ndipo kengele ya Bethania ikasikika kutoka mbali, ikilia kwa haraka. Eunike alidhani ni kengele ya sala imegongwa mapema. Mundu ukamwanguka mchangani. Akaondoka akikimbia, analia, asijue kama analia kwa sababu alitaka kuua au kwa sababu hakuua.

Lakini kengele ile haikuwa ya sala. Alipofika juu ya kilima cha mwisho aliona moshi. Ghala la Bethania lilikuwa limeshika moto, na mzee Lukasi aliingia ndani kuokoa mbegu, paa likamwangukia. Eunike alikuta wanaume wameutoa mwili wake na kuulaza juu ya mkeka, na Marta amekaa kando yake, ameshika mkono wa mumewe.

Asubuhi yake vijana waliotoka kutafuta chanzo cha moto walimkuta Makokoto njiani. Katika mfuko wake palikuwa na mawe ya kuwashia moto, kama awavyo nayo msafiri yeyote. Wakamkamata. Na mtu mmoja wa Bethania, aitwaye Zefania, akamtambua, maana yeye naye alipita katika mikono yake zamani. Zefania akapaza sauti: "Huyu ndiye Makokoto! Alituuza tukiwa hai, na sasa amekuja kutuchoma moto!" Ikawa hapana tena haja ya kuuliza. Walimfunga kamba, wakampeleka kwa Jumbe Nampanda, mtawala wa nchi ile, ili ahukumiwe. Na hukumu ya mchomaji aliyesababisha mauti ilijulikana na wote, nayo ni mkuki.

Wakaja watu kwa Eunike kumpa pole, na pamoja na pole wakampa habari ile kama zawadi. Mama mmoja alimwambia, "Mungu si Athumani, dada yangu. Amekulipia yote mawili kwa mara moja." Eunike akainamisha kichwa. Alijua ya kuwa wakati ghala linawaka, mtu yule alikuwa amelala chini ya jabali, mwendo wa saa nzima kutoka Bethania. Katika dunia yote ni yeye peke yake aliyejua. Na ili auseme ukweli ule, ingempasa aseme alikuwa akifanya nini pale.

Nafsi yake ikamwambia: Wewe hukumshitaki. Wewe hukumfunga. Nyamaza tu, na haki itatimia kwa mikono ya watu wengine.

Mkesha wa baraza ulipokaribia alikwenda kwa mwalimu wa kijiji, Barnaba, mtu mwenye hekima na maneno machache. Alimkuta akifagia kanisa.

"Mwalimu," akasema, "mtu akinyamaza, amesema uongo?"

Mwalimu Barnaba akaendelea kufagia kidogo, kisha akasimama. "Inategemea, mama. Kuna kunyamaza kwa kumsitiri mwenzio, na kuna kunyamaza kwa kumzika."

"Na kama huyo mwenzio anastahili kuzikwa?"

"Kwa kosa alilolitenda, au kwa kosa ambalo hakulitenda?"

Eunike akasema, "Mwalimu, tafadhali usiniulize zaidi."

"Mimi sikuulizi," akasema Mwalimu. "Lakini yuko akuulizaye, na huyo hachoki."

Siku ya baraza watu walijaa kuanzia asubuhi. Jumbe Nampanda aliketi juu ya kigoda, wazee wake wakiwa kuume na kushoto. Zefania alisema kwa ukali na kwa machozi, na watu wakaitikia. Makokoto alipoulizwa alisema maneno mawili tu, "Sikuchoma mimi," na watu wakamzomea. Jumbe akauliza kama ilivyo desturi, "Yuko mtu wa kumsemea mgeni huyu?" Alikwisha geuka kuwatazama wazee wake, kwa kuwa hakutazamia jibu.

"Niko," akasema Eunike.

Akasogea mbele. Marta alikuwa ameketi kati ya wanawake waliofiwa, na alipomwona akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unafanya nini?" Eunike alimsikia, lakini hakugeuka, maana alijua akigeuka ataketi.

"Bwana Jumbe, saa ghala lilipowaka mtu huyu alikuwa chini ya jabali lililo nyuma ya vilima. Amelala. Alikuwa ameanika ukindu wake."

"Umejuaje?"

"Nilikuwako."

"Ulikuwako kwa sababu gani?"

Eunike akahisi ulimi wake mzito kama si wake. Kisha akasema, "Nilimfuata ili nimwue."

Watu wakapiga ukelele. Jumbe akainua mkono wake wakanyamaza.

"Nilimtambua kwa sauti," akaendelea Eunike. "Nilimfuata tangu kijitoni. Nilisimama juu yake nimeshika mundu. Kengele ilipolia mundu ulinianguka, nikakimbia. Uko pale mpaka sasa. Tuma watu wako wakautazame."

Jumbe akatuma watu wawili, na baraza zima likakaa kuwangoja, jua likipanda. Hakuna aliyezungumza na Eunike. Walipokuja walikuwa na mundu, mpini wake umefungwa kwa kitambaa ambacho kila mwanamke wa Bethania alikijua kuwa ni cha Eunike. Walikuwa pia na vipande vya ukindu vilivyokauka.

Jumbe Nampanda akamtazama mwanamke yule kwa muda mrefu. "Mzee aliyekufa alikuwa baba yako wa kukulea. Na huyu, nasikia, ndiye aliyemwacha mama yako nyikani. Nawe wasimama kumwokoa?"

"Simwokoi, Bwana Jumbe. Nasema nilichokiona. Ukimhukumu kwa ajili ya mama yangu, nitakuwa wa kwanza kumshitaki. Lakini Baba Lukasi hakuuawa na huyu. Na Baba Lukasi hakunilea ili siku ya msiba wake nitoe uongo kama sanda."

"Basi, wamshitaki kwa ajili ya mama yako?"

Hapo Eunike akamgeukia Makokoto kwa mara ya kwanza. Mzee yule alikuwa akimkodolea macho kama mtu asiyefahamu.

"Nataka aseme mbele ya watu wote kama ni kweli."

Makokoto akatikisa kichwa taratibu. "Mama, mimi sikukumbuki wewe," akasema. "Walikuwa wengi. Lakini mwanamke aliyekataa kumwacha mtoto, huyo namkumbuka. Ni kweli. Mimi ndiye niliyeamuru."

Inasemwa kwamba Jumbe Nampanda aliinamisha macho yake, kwa kuwa babu zake yeye walitajirika kwa kuuza watu kwa misafara hiyo hiyo, na kila aliyekuwa pale alilijua jambo hilo. Kisha akatoa hukumu: mgeni hana hatia ya moto na asiguswe na mtu, lakini kwa habari ya yule mwanamke na mtoto wake, asitoke katika nchi hii mpaka atimize lolote ambalo Eunike atamtaka. Akamwuliza Eunike, "Unamtaka nini?"

"Leo sitaki kitu," akasema, akarudi nyumbani peke yake.

Ndugu zangu, wengi hudhani kwamba mtu akisha kusema kweli, mbingu hufunguka papo hapo. Haikuwa hivyo kwa Bibi Eunike. Alipokwenda kisimani wanawake waliinua mitungi yao hata kama haijajaa. Wengine walimwita mtetezi wa mwuaji. Wengine walimwita mwuaji mwenyewe, kwa kuwa alikiri kwa kinywa chake. Kanisani benchi alilokaa lilibaki na nafasi pande zote mbili. Lakini lililomwumiza kuliko yote lilikuwa ni mlango wa Marta. Alikwenda kumsalimu, akasikia sauti kutoka ndani: "Mwanangu, ungengoja hata udongo ukauke juu ya kaburi la baba yako." Mlango haukufunguliwa.

Akasubiri. Masika ikaja, watu wakalima na kupanda, mbegu wakiwa wamepewa kwa huruma na vijiji jirani. Eunike akalima shamba lake, na jioni akalima kipande cha shamba la Marta bila kuulizwa. Marta alimwona, asimkataze, asimshukuru. Makokoto alijenga kibanda nje ya kijiji, akasuka vikapu vyake, na watu walivinunua bila kumtazama usoni. Eunike hakumwendea. Alimwambia Mwalimu Barnaba, "Nilisema kweli, Mwalimu, lakini moyo wangu haujalainika. Nikimwona bado natetemeka."

Mwalimu akamjibu, "Mungu alikuagiza haki, nawe ukaitenda huku unatetemeka. Hayo mengine mwachie yeye. Yeye anampenda mtu yule tangu zamani, wala hakungoja wewe uanze."

Mvua zilipokwisha na mtama kuanza kukomaa, Jumapili moja, baada ya nyimbo, Zefania alisimama katikati ya kanisa. Alikuwa amekonda, hata nguo zake zilimwelea.

"Moto ulikuwa wangu," akasema. "Nilikuwa nachoma vichaka katika shamba langu jipya. Asubuhi ile ile Mzee Lukasi alipita akaniambia, 'Zefania, leo upepo si mzuri, ngoja kesho.' Nikamcheka. Upepo ukazirusha cheche ghalani, na moto uliponishinda nilikimbia. Na walipomkamata yule mgeni nikaona nimepata pa kujificha. Tangu Eunike alipoisema aibu yake mbele ya watu, chakula hakinipiti kooni. Yeye alisema jambo alilotaka kulitenda. Mimi nimenyamaza juu ya nililolitenda."

Akapiga magoti mbele ya Marta. Wazee walikaa shauri, Jumbe naye akapelekewa habari, na Zefania aliamriwa ajenge ghala jipya kwa mikono yake mwenyewe na kulima shamba la Marta maadamu yu hai. Wala hakupinga. Kisha akaenda kwenye kibanda cha nje ya kijiji, akaomba msamaha kwa Makokoto. Nasikia hilo lilimwia gumu kuliko ghala.

Jioni ya siku hiyo Marta alikuja kwa Eunike. Akaketi kizingitini, kwa kuwa magoti yalimwuma.

"Mwanangu," akasema, "nilitaka nipate mtu wa kumchukia, ili nisilie. Wewe ukaninyang'anya."

"Nisamehe, Mama."

"La, mimi ndiye wa kusamehewa. Leo nimelia mpaka nimechoka. Sasa nimemzika mume wangu." Akamshika mkono. Na tangu siku hiyo hapakuwa na mlango kati yao.

Ndipo Eunike alipojua la kumtaka Makokoto. Alikwenda kibandani mwake, Marta akiwa pamoja naye, akasimama mbali kidogo. "Jumbe alisema utimize nitakalo," akamwambia. "Nipeleke mahali ulipomwacha mama yangu."

Mzee akaacha kusuka. "Ni mbali, mama. Na hapana kitu pale."

"Unapajua?"

"Napajua," akasema. "Nimejaribu kupasahau."

Wakaondoka, Eunike na Marta na Mwalimu Barnaba, Makokoto akiwatangulia na fimbo yake. Safari iliwachukua siku kadhaa, maana mguu wake ulikuwa mbovu. Hatimaye akasimama katika bonde dogo lenye mawe meupe, penye njia ya kale iliyoota majani. Akaonyesha kwa fimbo. "Hapa. Aliketi akiegemea lile jiwe. Alikuwa akimwimbia mtoto wimbo wa kumbembeleza. Tulimsikia mpaka tulipopita kile kilima."

Eunike hakuwa amelijua hilo. Yeye alivutwa mbele ya msafara, hakusikia. Miaka yote hiyo alidhani mama yake alikuwa akilia. Akapiga magoti, akaweka viganja vyake juu ya udongo. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Mama yangu aliitwa Nambewe. Ndugu yangu aliitwa Limbani. Sema majina yao."

Mzee akaiweka fimbo yake chini. "Nambewe," akasema kwa sauti ile yake ya kukwaruza. "Limbani." Akaanguka kifudifudi.

Mwalimu Barnaba akasali. Baadaye wakaanza kukusanya mawe ili pawe na alama. Makokoto aliinuka akabeba jiwe, akarudi akabeba jingine, kubwa kuliko nguvu zake, wala hakuna aliyemwambia afanye hivyo wala aache. Donda lake likapasuka. Eunike alimtazama akienda na kurudi. Kisha akamwendea, akaupokea ule mzigo wa jiwe kutoka mikononi mwake.

"Keti, mzee," akamwambia. "Mguu wako unatoka damu."

Akachana upindo wa khanga yake, akamfunga.

Wengine husema Makokoto alibatizwa kabla ya kufa. Wengine hukana. Mimi sikupata la yakini, nami sitaongeza nisilolijua katika kisa kinachohusu ushahidi. Linalojulikana ni kwamba alikaa Bethania hadi mwisho wa umri wake, na alipokufa walimzika ndani ya kijiji, si nje.

Basi, enyi wapendwa, tusidhani kwamba upendo wa Mungu humwambia aliyedhulumiwa asiitaje dhuluma. Bibi Eunike aliitaja mbele ya Jumbe na mbele ya aliyeitenda. Wala tusidhani kwamba haki hutupa ruhusa ya kumwongezea adui kosa ambalo si lake. Alisema yote mawili kwa kinywa kimoja, na akajishuhudia nafsi yake kwanza. Mwenyezi Mungu atujalie ulimi wa namna hiyo siku tutakapoulizwa. Amina.